Upepo wa Magurudumu ya Nyuma

Siku ya tatu Haroun alipiga ukelele.

Intisar alikuwa amemjua kaka yake kwa miaka hamsini na miwili, yaani umri wake wote, na hakuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa uwanjani, enzi zile alipokuwa mwamuzi wa mpira. Hata daktari alipowaambia kwamba saratani imeshaingia kwenye uti wa mgongo, Haroun alishukuru, akauliza mlango wa kutokea uko wapi. Lakini Jumatano ile, Pijo kuukuu ya marehemu baba yao ilipopanda tuta la kwanza pale Makadara na kushuka upande wa pili, sauti iliyotoka nyuma ilikuwa ya mtu asiyemjua. Intisar akakanyaga breki. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Endesha," Haroun alisema, pumzi zikimtoka vipande vipande. "Usisimame. Ukisimama itabidi uondoke tena."

Akaendesha. Matuta yalikuwa yamebaki manne kabla ya hospitali. Aliyapanda moja moja, kwa gia ya kwanza, akisoma kila dua aliyoikumbuka, na kila tuta lilimtoa Haroun sauti ile ile.

Mionzi ilikuwa ya siku kumi, siku tano kwa wiki, saa tatu na nusu asubuhi. Haingeondoa ugonjwa, na daktari hakuwaficha. Kazi yake ilikuwa kuupunguza uchungu wa mifupa ili mtu apate kulala. Wodini hapakuwa na nafasi, vitanda vilitengewa waliotoka mbali, na wao walikuwa watu wa Kibokoni, mwendo wa dakika ishirini. Tuktuk walikuwa wameijaribu siku ya vipimo, wakaijutia. Teksi ndogo hazikuwa na mahali pa mtu kulala akajinyoosha. Ikabaki Pijo. Ilikuwa ya mwaka 1982, ya mgongo mrefu, ambayo Mzee Mzamil, baba yao, aliitumia kubebea magunia ya mchele na viungo vya dukani. Viti vya nyuma vikilazwa, godoro jembamba liliingia bila kukunjwa.

Kila asubuhi jirani yao Ziad, anayewatembeza watalii Ngome ya Yesu, alipita kwao kabla ya kwenda kazini. Yeye na Intisar walimweka Haroun juu ya kiti cha plastiki, wakambeba kupitia uchochoroni hadi Ndia Kuu, gari lilipoegeshwa, wakamlaza. Mchana, kazi ikiwa haijamzidi, Ziad alirudi kusaidia kumshusha.

Mchana ule wa Jumatano, walipokwisha kumlaza Haroun kitandani kwake, Ziad alimsindikiza Intisar kurudi garini kuchukua mito. Akabonyeza gurudumu la nyuma kwa kidole gumba. Halikubonyea.

"Da Intisar, hili ni jiwe. Mumetia upepo kiasi gani?"

"Sijui. Yule wa kituo cha petroli alitia jana. Alisema gari la mzigo hutiwa arubaini."

"Arubaini, na ndani mna mgonjwa! Si ndiyo maana anarushwa? Punguza, dada'ngu. Gari likiwa laini, na yeye atapata raha."

Ziad akaenda zake. Intisar akabaki amechuchumaa kwenye jua la saa nane, mkononi ana msumari mdogo aliouokota chini. Hakuwa na kipimo, wala hakujua kwamba kipimo kinahitajika. Alijua kitu kimoja tu: kwamba kesho asubuhi lazima ayapite matuta matano, na kwamba hawezi kuisikia tena sauti ile. Akafungua kifuniko, akabonyeza msumari. Upepo wa moto ukampita vidoleni kwa mlio mwembamba. Akahesabu hadi thalathini, akahamia gurudumu jingine. Alipomaliza yote manne alihisi, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule uanze, kwamba mikono yake imemfanyia kaka yake jambo la maana.

Na kweli, Alhamisi Haroun hakupiga ukelele. Aliguna tu. Walipofika hospitalini akauliza, "Leo umepita njia gani?"

"Ile ile."

"Haikuwa mbaya."

Maneno mawili hayo yalimtosha Intisar kulia chooni, mkono mdomoni. Jioni akatoa upepo zaidi. Ijumaa akatoa tena, baada ya sala, na magurudumu yalikuwa bado na joto la barabarani. Yakaanza kutandaza matumbo chini kama unga uliokandwa ukaachwa. Yeye aliona yanapendeza.

Jumamosi na Jumapili gari halikutoka.

Jumatatu, siku ya sita ya mionzi, usukani ulikuwa mzito. Intisar alihisi na akadhani ni mikono yake, kwa kuwa hakuwa amelala. Haroun alikuwa amekesha akijigeuza na kuomba ageuzwe. Walipoingia Makadara, tuktuk iliyokuwa mbele ilisimama ghafla kumteremsha abiria. Intisar akaukata usukani kulia. Gari likayumba, mkia ukaenda kushoto wakati yeye anakwenda kulia, na pakasikika kishindo kizito chini ya godoro. Kisha chuma kikaanza kusaga lami.

Likasimama katikati ya barabara, limeinama upande mmoja.

Alimngoja Haroun apige ukelele. Haroun hakupiga. Ndipo Intisar alipoingiwa na hofu ya kweli. Akapanda juu ya viti, akamkuta ametelezea upande wa chini, bega limekaba mlango, macho yamefumbwa, midomo imekuwa ya rangi ya jivu.

"Kaka! Kaka Haroun!"

"Nipo," alisema. "Usiniguse."

Watu wakajaa. Mwenye duka la vitambaa alileta maji. Mwanamke mmoja alimwambia Intisar asogeze gari, kana kwamba alikuwa ameliweka pale kwa kupenda. Wanaume wawili walifungua mlango wa nyuma, wakamkamata Haroun miguu wampeleke kwenye tuktuk.

"Mwacheni!" Intisar akapiga kelele, akijitupa kati yao. "Mgongo wake! Mutamvunja mgongo! Mwacheni!"

Wakamwacha. Saa ilikuwa tatu na dakika kumi. Hospitali ilikuwa imewaambia wazi kwamba Jumatatu hiyo mashine ingezimwa saa tano kwa matengenezo, na wote waliopangwa wawe wameshapita.

Aliyeutawanya umati alikuwa mtu mfupi, shati lake limejaa mafuta. Jina lake Kahindi, fundi wa pancha, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kisichofika hatua sitini. Alichungulia ndani, akamwona Haroun, akashusha sauti.

"Mama, mgonjwa anaweza kushushwa?"

"Hawezi."

"Basi nitainua gari naye akiwa ndani. Nitakwenda polepole. Wewe panda umshike asiteleze. Akisema nisimame, nisimamishe."

Intisar akapanda, akalala ubavuni mwa kaka yake juu ya godoro lile jembamba, kama walivyolala utotoni, akaingiza mkono chini ya mabega yake. Kahindi akazungusha jeki. Gari lilipanda kwa kunyatia, chuma kikilia. Kila mzunguko Haroun alikaza meno, na Intisar alihisi mwili wake mzima ukigeuka ubao mikononi mwake.

"Simama!" Haroun alisema mara ya kwanza.

Kahindi akasimama. Wakangoja.

"Endelea," alisema Haroun.

Wakaenda hivyo, simama na endelea, na jasho la Haroun likaingia kwenye buibui la Intisar likamfika ngozini. Gurudumu likatoka. Kahindi akalileta dirishani: lilikuwa limechanika ubavu mzima, na ndani mpira ulikuwa umesagika ukawa kama masizi.

"Spea iko wapi?"

Spea ilikuwa chini ya sakafu, na haikuwa na upepo hata chembe. Kahindi aliivingirisha hadi kibandani, akaitumbukiza majini, akaona tundu. Kuiziba kulichukua muda. Intisar alitazama saa ya simu ikitoka tatu na nusu, ikaingia nne, ikaipita. Alipiga simu hospitalini, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Jua lilikuwa limeshapanda na bati la gari limekuwa tanuri. Alikuwa akimpepea Haroun kwa kadi ya kliniki, na ndani ya moyo wake alikuwa ameacha kuomba apone, hata kuomba asiumie. Alikuwa akiomba upepo tu.

Kahindi akarudi, amesimama na spea mkononi.

"Mama, nimeshaziba. Nitie ngapi?"

"Tia yoyote, bwana! Tia twende!"

"Yoyote haipo, mama. Ulikuwa umetia ngapi?"

Hapo ndipo Intisar aliposhindwa. Alishuka garini, akasimama barabarani mbele ya watu wote, akasema kwa sauti iliyompasuka, "Arubaini inamuumiza! Nimetia arubaini akapiga kelele kama ananyongwa. Nikatoa. Nikatoa kila siku, na leo nusura nimuue. Mimi sijui ngapi! Hakuna aliyeniambia ngapi!"

 Kahindi alichukua kipimo chake, akazunguka gari, akapima magurudumu yaliyobaki. Mbele kumi na sita na kumi na saba. La nyuma lililosalia, kumi na tatu.

"Mungu amekusitiri," alisema taratibu. "Hili lingepasuka mbio mbio, ungempindua. Sikiliza, mama. Upepo ukipungua sana, tairi linakunjika kila linapozunguka. Likikunjika linapata moto. Likipata moto linakufa kwa ndani, wewe huoni. Tena umetoa mchana, limechemka? Basi limekudanganya. La moto hujionyesha limejaa, asubuhi likipoa unalikuta limelegea."

"Basi ngapi?"

"Kila gari lina lake. Magari ya siku hizi yameandikwa mlangoni. Hili lenu maandishi yameshafutika. Kitabu chake hamuna?"

Kitabu kilikuwako. Mzee Mzamil hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Intisar alikipekua kwenye kisanduku cha mbele, chini ya risiti za dukani zilizogeuka manjano, akafungua kurasa hadi akalikuta jedwali. Lilikuwa na safu mbili. Akasoma kwa sauti: mbele, ishirini na tano. Nyuma, gari likiwa na watu wawili bila mzigo, thalathini. Nyuma, gari likiwa limejaa, arubaini na tano.

"Enhe," Kahindi alisema. "Yule wa petroli aliona mgongo mrefu akafikiri mwabeba magunia. Sasa niambie, hili lina mzigo au halina?"

Kutoka ndani ikaja sauti ya Haroun, nyembamba. "Mzigo gani? Nimebaki kilo hamsini. Tia thalathini."

Watu wawili watatu wakacheka.

Kahindi akatia thalathini. Akafunga spea, akashusha jeki kwa utaratibu ule ule, akamwelekeza Intisar alipeleke gari polepole hadi kibandani, akajaza matatu yaliyobaki kwa kipimo cha kitabu. Akapitisha kidole kwenye nyufa za ubavuni. "Haya yamezeeka, mama. Yamekauka. Nitakutafutia mawili ya nyuma yenye nafuu. Leo nenda, lakini usipite mwendo wa mtu anayekimbia."

Walifika hospitalini saa tano na robo. Mlango wa chumba cha mionzi ulikuwa wazi, na ndani mafundi wawili walikuwa wameshafungua ubavu wa mashine, nyaya zimening'inia. Priscah, muuguzi wa kitengo kile, alikuja mbio korido nzima alipomwona Intisar.

"Nilikupigia, Mama Intisar. Nilipiga mara tatu."

"Nilikuwa nikikupigia wewe." Kisha akamshika Priscah mikono yote miwili. "Waambie wafunge. Dakika kumi tu. Amelala nje kwenye gari, ametoka kule kwa shida ambayo siwezi kukusimulia. Wafunge, warudi baadaye. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

Priscah alitazama mafundi, akatazama nyaya. "Haiwezekani. Hata wakitaka. Leo haiwaki tena."

Intisar akakaa sakafuni pale pale. Hakulia. Alikaa kama kitu kilichowekwa chini na mwenyewe akakisahau. Priscah akachuchumaa naye.

"Nisikilize. Siku moja ikiruka, tunaiongeza mwishoni. Badala ya Ijumaa atamaliza Jumatatu ijayo. Haijaharibika."

"Haijaharibika?"

"Haijaharibika. Sasa niambie, ile dawa ya maji ya kutuliza, unampa saa ngapi?"

"Usiku, akishindwa kulala. Naogopa isiishe. Naogopa asije akaizoea."

"Asubuhi humpi?"

Intisar akatikisa kichwa.

Priscah alifumba macho kidogo. "Kosa letu, hatukukueleza vizuri. Mpe nusu saa kabla hujamtoa kitandani. Kila siku. Dawa ikipungua, niambie, daktari ataandika nyingine. Haikutolewa ya kuhifadhiwa."

Intisar alirudi kwenye gari akiwa na chupa nyingine ndani ya mkoba. Haroun alikuwa amefungua macho, anatazama paa. Priscah alikuwa ametangulia nje akampa kijiko kimoja pale pale, na rangi ilikuwa imeanza kumrudia. Intisar akakaa ukingoni mwa mlango wa nyuma, mgongo kwake, kwa sababu hakuweza kusema akimtazama.

"Kaka, mimi ndiye niliyetoa ule upepo. Tangu Jumatano."

"Najua."

Akageuka.

"Alhamisi tu nilijua," Haroun alisema. "Gari lilikuwa likitembea kama mtu aliyevaa makubadhi ya mwenziwe. Nilihisi mkia unachezacheza. Nikasema, nikimwambia atatia tena. Nikanyamaza." Alimeza mate. "Kwa hivyo usijilaumu peke yako. Ningekuwa na nguvu, ningetoka usiku nikatoa uliosalia."

"Tungekufa, kaka."

"Hilo sikulifikiria. Nilifikiria tuta lile la kwanza."

Hapo ndipo Intisar alipolia, na Haroun akamwacha alie, mkono wake juu ya mgongo wa dada yake, mwepesi kama leso.

Siku zilizobaki hazikuwa rahisi. Kahindi alimpatia matairi mawili ya nyuma na kumwazima kipimo. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijalipiga gari, Intisar alishuka Ndia Kuu na tochi, akapima yote manne, akaongeza kwa pampu ya mguu pale palipopungua. Siku moja alijaribu ishirini na nane nyuma, akampigia Kahindi kumuuliza. "Ishirini na nane sawa," Kahindi alijibu. "Chini ya hapo usinipigie, nitakukataza." Dawa aliitoa saa mbili kamili. Matuta yaliendelea kuwa matuta. Haroun aliguna, siku nyingine alitukana, na siku ya nane alitapika. Lakini kila siku walifika, na Jumatatu iliyofuata Priscah alifunga faili.

Wiki mbili za mwanzo baada ya mionzi hakukuwa na mabadiliko, na Intisar alianza kuamini kwamba yote yale yalikuwa bure. Kisha wiki ya tatu Haroun akaketi kitandani bila kushikwa. Akalala saa tatu mfululizo. Akaomba wali.

Ugonjwa wenyewe haukurudi nyuma. Haroun alifariki mwezi wa Shaabani, nyumbani, alasiri, akiwa amelala ubavu wa kulia, na Ziad alikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Intisar hajidanganyi kwamba magurudumu yalimwongezea siku hata moja.

Ila kulikuwa na jioni ile kabla ya hapo, ambayo yeye huirudia. Haroun alisema amechoka na dari, anataka kuona watu. Wakampeleka bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Intisar aliegesha Pijo ukingoni, akafungua mlango wa nyuma ili Haroun, akiwa ameegemea mito, aone bahari na umati. Watoto walikuwa wakikimbizana, wauza mihogo wanapuliza makaa, mwanamume mmoja anagombana na mkewe kuhusu mahali walipoacha viatu. Haroun alilisikiliza gombano lile kwa furaha kubwa, akataka kujua nani ana haki. Kisha akanyamaza.

Intisar alimtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, katikati ya kelele zote zile. Hofu ikamshika kama ilivyomzoea. Akaweka kiganja juu ya kifua chake. Kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Mtu akagonga dirisha la mbele, akauliza kama wanaondoka, anataka nafasi ya kuegesha.

"Hatuondoki," Intisar akamwambia kwa mnong'ono. "Samahani, ndugu yangu. Tutakuwa hapa kwa muda."